Wiki Tatu Bila Ng'ombe

Sentensi iliyomtoa Kiguu kitini asubuhi hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa maelezo ya mtuhumiwa, mstari wa tisa: "Neno ng'ombe nililikwepa kwa sababu ya mashine."

Aliisoma mara tatu. Akainuka, akaizunguka meza, akaisoma tena akiwa amesimama. Wenzake walimwita Kiguu kwa kuwa tangu ajiunge na polisi alikuwa kiguu na njia, na hata akiketi, mguu wake wa kulia uliendelea na safari peke yake chini ya meza. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki.

"Afande, umeiona hii?"

Mkuu wa upelelezi alikuwa akipuliza chai. "Nimeiona. Jana tumecheka mpaka basi. Mtu kafisha mtu, anasingizia mashine."

"Hakufisha kwa mkono wake."

"Kafisha kwa kalamu." Mkuu akalisogeza jalada kwa kiwiko. "Barua ya kwanza, tarehe kumi na mbili, daktari wa mifugo analifunga zizi kwa sababu ya kimeta. Mifugo isitoke. Barua ya pili, tarehe kumi na nne, anaruhusu ng'ombe watoke. Wakatoka. Mmoja akachinjwa, mchinjaji akatokwa na donda jeusi mkononi, tarehe ishirini na tano akafariki. Sahihi ni yake, muhuri ni wa ofisi yake. Unataka nini tena?"

"Anaikana ya pili."

"Angeikana na ya kwanza kama ingemfaa. Tena tazama ujanja wake: kwenye ya kwanza hakuandika ng'ombe hata mara moja. Mifugo, mifugo, mifugo. Alijiachia upenyo. Saa tisa alasiri jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Ukileta kitu kabla ya hapo nitakusikiliza. Baada ya hapo uniache nipumzike."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo. Kiguu alikuwa mlangoni kabla Mkuu hajameza chai yake.

Kwenye korido, mjane wa mchinjaji alikuwa ameketi pale pale alipoketi jana na juzi, mkoba magotini. Hakuwa na swali kwa mtu. Alikuja asubuhi, akaondoka ofisi zikifungwa. Kiguu alimwamkia, mama yule akaitikia kwa kichwa. Aliona haya kumpita, lakini akampita.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mwenye viganja vipana na sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza mazizini. Viatu vyake havikuwa na kamba, zilichukuliwa mapokezi. Siku tatu za mahabusu zilikuwa zimemchakaza.

"Nieleze habari ya hilo neno," Kiguu alisema.

"Hamjamaliza kucheka?"

"Mimi sikuwepo kwenye hicho kicheko. Nieleze."

Daktari akamtazama kidogo, akipima. "Printa yetu ilikuwa inaharibu ng'. Kila penye kile kikoma cha juu, zinatoka takataka. Sasa wewe fikiria, ofisi ya mifugo, barua moja ina ng'ombe kumi. Unachapa, unachana. Tukaona tuyakwepe hayo maneno. Badala ya ng'ombe tukaandika mifugo. Badala ya kung'oa, kuondoa. Karani wetu alitakiwa kuandika tangazo la king'ora cha moto, akaandika chombo cha makelele ya hatari."

Kiguu alitaka kucheka, akajizuia. "Hali hiyo ilidumu muda gani?"

"Wiki tatu hivi. Halafu fundi akarekebisha."

"Na mliokuwa mkiyakwepa ni nani na nani?"

"Wote tuliokuwepo." Akaishusha sauti. "Afande, binti yangu ameambiwa niko safari ya kikazi. Nikipandishwa mahakamani leo, atasikia redioni kwamba mama yake ameua mtu. Mimi ile barua sijaiandika."

Kiguu aliandika kwenye daftari lake: wote tuliokuwepo. Akapiga mstari chini ya neno la mwisho, ingawa hakujua bado lingemfaa nini.

Ofisi ya mifugo ilinuka dawa ya kuulia wadudu. Kulikuwa na jokofu la chanjo lenye kufuli, picha kubwa ya meno ya ndama ukutani, na meza nne. Moja ilikuwa ya Daktari, ya pili ya Naibu wake, ya tatu ya karani wa masijala. Ya nne hutumiwa na fundi wa kompyuta ambaye huja mara mbili kwa wiki. Karani alikuwa mama wa makamo aliyebakiza miezi michache astaafu, miwani yake imefungwa uzi. Kila mtu pale alimwita Bi Masijala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumtoa Daktari au kutuongeza sisi?"

"Nimekuja kusoma barua."

Bi Masijala alileta jalada la nakala za mwezi mzima. Kiguu alizitandaza juu ya meza, moja moja, kwa tarehe. Tarehe moja na mbili hazikuwa na shida. Kuanzia tarehe tatu takataka zikaanza: kila penye ng'ombe pameandikwa ngâ€™ombe, a yenye kofia, alama ya fedha za kigeni, na vijiherufi viwili vimening'inia juu kama nguo kwenye kamba. Bi Masijala alikuwa amezikata kwa kalamu nyekundu na kuandika neno upya kwa mkono. Kufikia tarehe sita kalamu nyekundu ilichoka. Hapo ndipo yalipoanza maneno ya kukwepa: mifugo, wanyama wakubwa, wenye pembe. Mahali pamoja aliandika "mama wa ndama."

"Hii nayo?"

"Siku hiyo nilikuwa nimeishiwa," alisema Bi Masijala.

Tarehe ishirini na nne ng'ombe walirudi kwa wingi, safi, kila mmoja na kikoma chake. Kiguu akaitoa ile barua ya tarehe kumi na nne kutoka kwenye mfuko wa vielelezo, akaiweka mahali pake kati ya kumi na tatu na kumi na tano.

Bi Masijala aliinama, akasoma. Akaivua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Hii haikutoka kwenye ofisi hii. Si kwa tarehe hiyo."

"Umejuaje?"

"Ina ng'ombe saba. Na wote wazima."

Mguu wa Kiguu ulitulia. "Polisi waliokuja mwanzo hukuwaambia?"

"Waliniuliza kama muhuri ni wetu. Nikasema ni wetu. Wakafunga daftari." Mama akaigusa barua kwa kidole. "Barua yenyewe hawakunipa niisome, mwanangu. Walifunika, wakanionyesha muhuri tu."

Namba ya barua ilikuwa 88A. Bi Masijala alieleza kwamba A ni nyongeza, na nyongeza haziandikwi kwenye kitabu cha barua zinazotoka. Kabati la masijala lilikuwa na funguo tatu: wa kwake, wa Daktari na wa Naibu. Ila fundi huachiwa ule wa Bi Masijala akija kufanya kazi, maana mashine kuu inayohifadhi na kuchapa barua za wote imo humo humo ndani.

Fundi aliitwa kwa simu. Alikuja baada ya saa nzima, na saa nzima hiyo Kiguu alihesabu vigae vya sakafu mara mbili. Alikuwa kijana mwembamba aliyejulikana kwa jina la Waya. Kabla hajaketi alisema, "Mimi sijagusa kitu."

"Nani kakwambia kimeguswa kitu?"

Kiguu akamsogelea. Huyu alikuwa na ufunguo. Alijua kurudisha saa ya mashine nyuma, alijua barua zinakaa wapi, na jasho lilikuwa likimtoka chumba kikiwa na feni mbili. Kwa dakika kumi Kiguu alimbana kuhusu tarehe kumi na nne, na kila jibu lilikuja limekatika katikati.

"Waya, kuna mtu anakwenda kushtakiwa saa tisa. Unachoficha ni kikubwa kuliko hicho?"

"Si kikubwa," alisema Waya, macho chini. "Ni cha aibu. Ile ng' niliiharibu mimi. Nikawaambia ni wino."

"Wino?" Bi Masijala aliuliza kutoka kwenye meza yake. "Wiki tatu nikaandika mama wa ndama kwa sababu ya wino wako?"

"Nisamehe, mama. Niliogopa wangenifukuza."

"Onyesha," Kiguu alisema.

Waya alifungua mashine kuu, akaita faili refu la maandishi meupe kwenye giza la kioo. Ni faili la mipangilio, alieleza. Mashine ikiwaka hulisoma kwanza ijue ifanye kazi namna gani. Tarehe tatu alikuwa ameiwekea mashine mfumo mpya, na kwa uvivu akanakili faili la zamani kutoka kwenye mashine nyingine bila kulipitia.

"Kosa liko wapi?"

Kidole chake kikasimama kwenye mstari mmoja.

charset = utf-8

"Huu sasa ni mzima. Lile faili la zamani lilisema cp1252. Tazama, afande, mashine haijui herufi. Inajua namba. Kile kikoma kilichopinda, tunapoandika, kinahifadhiwa kwa namba tatu: mia mbili ishirini na sita, mia moja ishirini na nane, mia moja hamsini na tatu. Mstari huu unaiambia mashine izisome kwa kitabu gani. Kwa kitabu hiki, namba tatu ni alama moja. Kwa kile cha zamani, kila namba ni alama yake. Ndiyo maana zikatoka takataka tatu tatu."

"Na ulirekebisha lini?"

Waya akashuka mstari mmoja. Palikuwa na alama ya reli, #, kisha maneno yake mwenyewe: nimebadilisha tarehe 24 asubuhi, Mungu anisitiri. Mashine husoma kila kitu isipokuwa mistari yenye reli, alisema. Hiyo huandikiwa binadamu.

"Rudisha ule ubovu."

"Afande?"

"Rudisha cp1252, chapa barua hii neno kwa neno. Nataka kuona kwa macho yangu."

Waya aliandika, akahifadhi, akaiwasha upya. Printa ikakoroma. Karatasi ikatoka na ng'ombe saba, wote wameharibika. Kulia kwake, toka juu hadi chini, palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu. Kiguu akaiweka sambamba na nakala za mwezi mzima. Mstari ule ulikuwa kwenye zote, na kwenye kielelezo cha polisi pia ulikuwepo.

"Rola ya printa ina mkwaruzo," Waya alisema. "Tangu mwaka juzi."

"Kwa hiyo kielelezo kimechapwa hapa hapa, na si kati ya tarehe tatu na ishirini na tatu."

Waya akakuna kichwa. "Kuna jambo moja, ila litaharibu. Kikoma kikiwa kimenyooka, si kilichopinda, kingepita salama hata wakati ule. Kina namba moja tu, ile ile kwenye vitabu vyote. Kama mtu alilazimisha kukiandika kilichonyooka..."

Kiguu alichukua kioo cha kukuzia, akainama juu ya kielelezo. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aliwakagua ng'ombe wote saba. Kila kikoma kilikuwa kimepinda mkia.

Ilikuwa saa saba na nusu. "Mama," alimwambia Bi Masijala, "wiki hizo tatu ni nani hakuwepo?"

Bi Masijala alitazama mlango wa chumba cha ndani, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Naibu. Alikuwa mafunzoni. Na mwenye lile zizi, kama hawakukwambia, amemuoa dada yake."

Naibu alikuwa ameshahamia kwenye kiti cha Daktari. Shati limepigwa pasi, kalamu zimepangwa kwa urefu. Alimkaribisha Kiguu kwa heshima zote.

"Pole kwa kazi, afande. Sote hapa tumesononeka sana."

"Asante. Tarehe kumi na nne ulikuwa wapi?"

"Mafunzoni. Nimeondoka tarehe moja, nimerudi ishirini na sita. Cheti ninacho, picha ninazo. Kwa hiyo mimi simo kabisa."

"Hukuja hapa hata siku moja?"

"Hata saa moja. Waulize."

"Nimewauliza. Na barua hii uliionaje?"

"Niliporudi nilikuta habari za marehemu. Nikapitia jalada, nikaikuta. Nikaona ni wajibu wangu kuifikisha polisi, ingawa iliniuma."

"Uliposoma maneno yake hukushtuka?"

"Maneno yana nini? Ni Kiswahili safi."

Kiguu alizitua mezani nakala zote, kuanzia tarehe sita hadi ishirini na tatu. "Nisaidie kazi ndogo. Nitafutie ng'ombe mmoja humu."

Naibu alicheka kidogo, akaona mwenzake hacheki. Akalowesha kidole, akaanza. Alikwenda haraka kurasa tano za kwanza, polepole zilizofuata. Kufikia katikati aliacha kulowesha kidole. Kiguu alisimama tuli, jambo ambalo lingewashangaza wenzake kituoni.

"Hakuna," Naibu alisema mwishoni.

"Ofisi ya mifugo, siku kumi na nane, hakuna ng'ombe. Unajua kwa nini?"

"Labda... ni mtindo wa karani."

"Karani anajua kwa nini. Daktari anajua, fundi anajua. Wewe unabahatisha." Kiguu aliweka kielelezo juu ya rundo. "Mashine ilikuwa haiwezi kuliandika hilo neno, Naibu. Wiki tatu nzima. Yeyote aliyekuwepo hapa asingeliandika hata kwa kusahau, maana alishachana karatasi hadi akalichukia. Aliyeandika barua hii hakuwa na habari. Aliichapa baada ya mashine kupona, akaipa tarehe ya nyuma. Ana ufunguo wa masijala, na hakuwepo. Umesema mwenyewe, hukuwepo hata saa moja."

Naibu alizipanga kalamu zake upya, kisha akaziacha.

"Sikutaka mtu afe," alisema.

"Endelea."

"Shemeji alinipigia simu kule kule mafunzoni. Ameshapata mnunuzi, zizi limefungwa, amechanganyikiwa. Nikamwambia nisomee barua. Akanisomea. Mifugo isitoke, mifugo isichinjwe." Alifunika uso kwa viganja. "Nikamwambia, hapo hawakusema ng'ombe. Wakikubana, sema ulielewa mbuzi. Watoe. Nilirudi nikakuta mtu amekufa, na dada yangu analia kwamba mumewe atafungwa. Sahihi ya Daktari nilikuwa nayo kwenye barua nyingine."

Kiguu alimwita askari aliyemwacha nje. Alikuwa amepata alichokitaka, na hakikumfurahisha.

Saa tisa kasoro dakika kumi alizimwaga karatasi mbele ya Mkuu. Mkuu alisoma, akachukua kioo cha kukuzia, akaangalia mikia ya vikoma mmoja mmoja. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa hivyo. Alilifunga jalada, akaliweka upande wake wa kushoto badala ya kulia, akasema, "Mrudishieni kamba za viatu."

Daktari alizifunga akiwa ameketi kwenye benchi la korido, kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine. Mjane wa mchinjaji alijisogeza kidogo kumpa nafasi, bila kumtazama. Kiguu alisimama mbele yao. Alikuwa na deni la ukweli kwa wote wawili, akaona autoe mara moja kabla hajapata sababu ya kuuchelewesha. Akawaeleza nani aliandika, na nani alisema nini kwenye simu.

Mikono ya Daktari ilikwama kwenye kamba. "Kwa hiyo alipitia hapo. Kwenye neno langu."

"Alipitia hapo."

"Kama ningekata takataka kwa kalamu. Kama ningeandika ng'ombe kwa mkono wangu, dakika moja tu." Akamgeukia Kiguu, macho yamejaa. "Afande, mtu huyo angekuwa hai?"

Mguu wa Kiguu ulianza tena kutikisika.

Aliyejibu ni mjane. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kiguu kusikia sauti yake.

"Mume wangu alichinja miaka kumi na tisa," alisema. "Alimuuliza yule mwenye zizi, mbele yangu mimi, kama mnyama ana kibali. Akaambiwa anacho. Angeonyeshwa hiyo karatasi yako, akasoma mifugo, asingewaza mbuzi." Akaufungua mkoba, akatoa kitambaa, akamkabidhi Daktari. "Hawakumwonyesha."

Kisha akainuka, akajifunga kanga vizuri, akamuuliza Kiguu ni mlango upi wanapoandikisha maelezo ya shahidi.